Mzio, Aleji na Daftari la Mgonjwa

Mada ya semina ya wahudumu wa afya, Bomang'ombe, Wilaya ya Hai

Mgonjwa akiulizwa dirishani kama kuna dawa inayomkataa, mara nyingi jibu huwa fupi: "Nina aleji na salfa." Mhudumu huandika neno hilo moja kwenye daftari, na huenda mgonjwa akaishi nalo hadi uzeeni.

Kwa Watanzania wengi jibu hilo lina mizizi katika matibabu ya malaria. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini kama dawa ya kwanza ya ugonjwa huo, ikaweka SP, ambayo ndani yake mna salfa. Wengi waliinywa wakapona. Wachache walibabuka ngozi, wakatokwa vidonda mdomoni na machoni, na hofu ikaenea kuliko dawa yenyewe. Kufikia 2007 dawa mseto ilikuwa imeshika nafasi yake, ila SP ingali ikitolewa kwa wajawazito, na Septrin nayo ina salfa. Kwa hiyo swali la dirishani bado lina uzito.

Klorokwini nayo iliwasha. Watu walikesha wakijikuna, wengine wakaacha dozi njiani, na mwasho ule nao ukaitwa aleji. Wataalamu huuhesabu kuwa athari ya dawa yenyewe, si mzio. Hapo ndipo neno lilipoanza kubeba mzigo usio wake.

Aliyeliunda neno aleji ni Clemens von Pirquet, daktari wa watoto mjini Vienna. Yeye na mwenzake Béla Schick walichunguza watoto waliochomwa seramu ya farasi kwa ajili ya maradhi kama dondakoo. Baada ya sindano ya kwanza, homa, vipele na maumivu ya viungo vilikuja siku kadhaa baadaye, mara nyingi baada ya wiki nzima au zaidi. Mtoto aliyechomwa tena aliweza kuugua upesi zaidi, hata siku ileile. Mwili ulikuwa umebadilika: ulikwisha kuijua seramu. Mwaka 1906 Pirquet akaunganisha maneno mawili ya Kigiriki, allos, yaani "nyingine", na ergon, yaani "kazi". Kwake yeye neno hilo lilihusu badiliko lolote la namna mwili unavyoitikia, liwe la kukinga au la kudhuru. Matumizi ya baadaye ndiyo yaliyobakiza madhara peke yake.

Wafaransa Charles Richet na Paul Portier walikuwa wamekwisha kuona sura kali zaidi ya badiliko hilo mwaka 1902: mbwa aliyestahimili sumu ya kiumbe wa baharini alikufa kwa dozi ndogo ya pili. Richet alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1913.

Kiswahili kilikuwa na neno lake. Mzio ni chakula ambacho mtu hali kwa sababu kinamdhuru, au amekatazwa na mganga. Uzuri wake ni kwamba humfuata mtu mmoja: pweza aliye mzio kwa kaka ni kitoweo kwa mdogo wake, chungu kimoja, sahani mbili. Kwa kumweleza mgonjwa wa Hai, neno hilo linafaa kuliko aleji, maana linamwambia pia la kufanya: ajiepushe.

Mzio hauishii kwenye vidonge. Vumbi la kahawa mbichi linajulikana kusababisha mzio wa njia ya hewa, na Moshi ni mji wa kukoboa kahawa.

Kwenye daftari, basi, "aleji ya salfa" haitoshi. Iandikwe ni dawa gani, ilinywewa lini, dalili zilikuja baada ya saa au siku ngapi, na zilikuwa zipi: kichefuchefu, mwasho, mabaka, malengelenge mdomoni, kuvimba uso au kubanwa pumzi. Mwenye kichefuchefu pekee asinyimwe dawa maisha yake yote. Aliyewahi kutokwa malengelenge mdomoni kwa salfa asipewe salfa tena.