Siku 28 za Kwanza Tumboni

Leo tuzungumzie mwezi wa kwanza wa mtoto tumboni, ambao mara nyingi mama mwenyewe hajui kuwa ni mjamzito.

Mtoto huanza akiwa seli moja, chembe hai ndogo mno. Hiyo hugawanyika zikawa mbili, mbili zikawa nne, na kuendelea. Zikishakuwa nyingi, seli hupelekeana ujumbe kwa kemikali: hizi zitakuwa ngozi, zile mifupa, zile ubongo. Kwenye wiki ya tatu, seli za upande wa mgongo hujipanga bapa kama chapati. Kisha kingo mbili huinuka, zikakutana na kushikana, ukapatikana mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo. Kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa, huwa umeshafungika wote.

Usipofungika chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Miguu huenda ikakosa nguvu, mkojo ukamtoka ovyo, na wengi hujaa maji kichwani. Usipofungika juu, ubongo haukui na mtoto haishi. Nyumbani utasikia eti ni laana, au mama alimkosea mtu. Hapana, mama huyo msimwonee.

Seli haziwezi kugawanyika sawasawa bila vitamini iitwayo foleti, ambayo kwenye tembe ni asidi ya foliki. Mwaka 1991, utafiti ulioongozwa na Waingereza kwa akina mama waliowahi kupata mtoto wa namna hii ulionyesha kuwa tembe hizo, zikianzwa kabla ya mimba, zilipunguza hatari ya tatizo kurudi kwa karibu asilimia 72.

Sasa hesabu nami. Siku 28 ni kama wiki mbili tu baada ya kukosa hedhi. Wengi wenu mnakuja kliniki mimba ikiwa na miezi minne au mitano! Tembe tunazowapa huongeza damu, zimezeni, lakini mrija ulishafungika zamani. Basi anayetaka kushika mimba aanze mikrogramu 400 kila siku, angalau mwezi mmoja kabla. Siku unapokuja kuacha njia ya kupanga uzazi, ulizia tembe hizo.

Kunde, mchicha, sukuma wiki na maharagwe vina foleti, ila mboga usiichemshe ukamwaga maji yake. Unga wa pakiti huongezwa asidi ya foliki kwa mujibu wa sheria tangu 2012. Mahindi unayosagisha mtaani kwa kawaida hayaongezwi. Hata hivyo, chakula pekee hakichukui nafasi ya tembe.

Uliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au unayemeza dawa za kifafa, mwone daktari kabla ya mimba. Huenda ukahitaji kipimo kikubwa zaidi. Dawa ya kifafa usiiache mwenyewe.

Na mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, msipake chochote. Kifunikeni kwa kitambaa safi, mumlaze kifudifudi au kwa ubavu, mumkimbize hospitali siku hiyo hiyo. Upasuaji wa kuufunga mgongo hufanywa katika siku za mwanzo.