Jina la Stanley na Walio Nalo

Jioni hii twataka kuzungumza nanyi habari za jina moja la Kiingereza, jina la Stanley. Na sababu ya kulichagua ni kosa tulilolifanya sisi wenyewe darasani. Tulikuwa tukifundisha ramani ya dunia, na mwanafunzi mmoja akaona visiwa vya Falkland, kule karibu na ncha ya kusini ya Amerika, na mji wake mkuu umeandikwa Stanley. Akauliza, "Mwalimu, huyu ndiye Stanley aliyemkuta Livingstone Ujiji?" Tukamjibu, pasipo kufikiri, kwamba ndiye. Usiku tulipofungua vitabu tuliona haya, maana mji ule ulipewa jina kati ya mwaka wa 1843 na 1845, na wakati huo msafiri wetu alikuwa mtoto mdogo, wala hakuitwa Stanley. Kesho yake ilitupasa kusimama mbele ya darasa na kukiri. Haya tutakayowaelezeni ndiyo tuliyoyapata katika kutafuta ukweli.

Katika Kiingereza cha kale jina hili ni maneno mawili yaliyounganishwa: moja ni jiwe, na la pili ni mahali palipofyekwa mwituni. Basi Stanley ni kama kusema "uwanda wa mawe"; na kwa kuwa mawe hayakosekani Uingereza, vijiji vyenye jina hilo si kimoja wala viwili. Kimoja kilikuwa katika jimbo la Staffordshire, na jamaa ya mabwana waliokimiliki wakajiita kwa jina la shamba lao. Jambo hilo si geni kwetu, maana pwani tunao hata leo watu waitwao kwa Shirazi na kwa Barawa.

Jamaa ile ikapanda cheo, na mkubwa wao akawa Earl wa Derby, tangu vita vya Bosworth vya mwaka wa 1485. Lakini sisi twamtaka mmoja tu katika mabwana hao, Edward Stanley, aliyezaliwa mwaka wa 1799 na kufa mwaka wa 1869, naye alikuwa Waziri Mkuu mara tatu. Mwaka wa 1833, alipokuwa Waziri wa Makoloni, ndiye aliyeipeleka Bungeni sheria ya kuwaweka huru watumwa katika sehemu nyingi za milki ya Waingereza. (Unguja haikuwamo, watumwa wa huko walingoja hata mwaka wa 1897.) Alipoishika tena kazi ile, tangu 1841 hata 1845, maofisa wa ng'ambo walilitumia jina lake kwa adabu, kama mtu ampaye mwanawe jina la bwana mkubwa. Ndivyo ulivyopata jina mji wa Falkland. Na kadhalika kijiji kimoja katika kisiwa cha Hong Kong, ambacho Wachina wana jina lao wenyewe la kukiita, na mji mdogo katika kisiwa cha Tasmania. Mji ule wa Falkland, Waajentina walipouteka mwaka wa 1982, waliubadili jina wakauita Puerto Argentino. Na Waingereza walipourudisha, jina la Stanley likarudi nao.

Mwana wa Edward, jina lake Frederick, alikuwa Gavana Mkuu wa Kanada tangu 1888 hata 1893. Huko twaona bustani kubwa katika mji wa Vancouver, na kikombe alichokitoa mwaka wa 1892 kwa washindi wa mchezo wa magongo juu ya barafu, nacho hushindaniwa hata leo. Katika tawi jingine la ukoo twamwona Owen Stanley, nahodha wa manowari iliyoitwa Rattlesnake, ambaye jina lake liko juu ya milima ya Papua, walikopigana Waaustralia na Wajapani mwaka wa 1942. Ndugu yake alikuwa Arthur Penrhyn Stanley, Mkuu wa kanisa la Westminster Abbey, London. Mkumbukeni huyu, tutamrudia.

Sasa tumfikie yule aliyeulizwa na mwanafunzi wetu. Alizaliwa Denbigh, katika nchi ya Wales, mwaka wa 1841, na jina lake lilikuwa John Rowlands. Katika kitabu cha kanisa aliandikwa kuwa mwana wa haramu. Alipokuwa na miaka sita alipelekwa katika nyumba ya maskini huko St Asaph, akakaa humo miaka tisa. Mwaka wa 1859 aliingia kazi merikebuni akafika New Orleans, Marekani, na huko ndiko alikojipa jina la Stanley. Yeye mwenyewe aliandika kwamba tajiri mmoja wa pamba mwenye jina hilo alimfanya mwana wa kupanga. Lakini wachunguzi waliozipekua habari hizo hawazisadiki. Sisi hatumlaumu sana kwa hili. Mtoto aliyepewa aibu badala ya jina ana haki ya kujitafutia jingine.

Mnajua alivyotoka Bagamoyo mwaka wa 1871 akafika Ujiji. Mwili wa Livingstone ulipozikwa Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874, Mkuu wa kanisa alikuwa Stanley, na mmoja wa waliolishika jeneza alikuwa Stanley. Na watu wawili hao hawakuwa na udugu hata kidogo. Pamoja naye alishika Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Bara Hindi. Na jina lake la Kiingereza, naye pia hakulirithi kwa baba.

Tangu 1874 hata 1877 Stanley alivuka Afrika, toka Unguja hata mlango wa mto Kongo, na Wazungu watatu aliosafiri nao wakafa wote njiani. Kisha akarudi kumtumikia Leopold, mfalme wa Wabelgiji, na alipokuwa akipasua njia kando ya maporomoko watu walimwita Bula Matari, yaani mvunja mawe. Hapa ndipo tunapoliona kosa lake. Njia ile aliyoipasua ndiyo iliyopitiwa na utawala wa Leopold, ambao askari wake waliwaua watu na kuwakata mikono kwa ajili ya mpira. Na jina la Bula Matari likawa jina la serikali yenyewe, likatajwa kwa hofu.

Jina lake la Kizungu lilienea pia. Mwaka wa 1906 Mtaliana mmoja, Duke wa Abruzzi, aliipanda milima ya Rwenzori akalipa jina hilo kundi la vilele virefu kuliko vyote, ambalo kilele chake kikuu kina meta 5,109. Huko Kongo palikuwa na maporomoko saba ya Stanley, na mji wa Stanleyville. Lakini mahali hapo palikuwa na majina yao kabla yake. Leo maporomoko huitwa Boyoma, na mji, tangu mwaka wa 1966, ni Kisangani, jina ambalo wenyeji wasemao Kiswahili hawakuliacha hata Wabelgiji walipotawala.

Stanley alikufa London mwaka wa 1904. Alitumaini kuzikwa karibu na Livingstone, lakini Mkuu wa kanisa wa wakati huo alikataa, akazikwa Pirbright, kijiji cha Surrey. Juu ya kaburi lake pana jiwe kubwa lisilochongwa sana, na maandiko yake ni machache: Henry Morton Stanley, chini yake Bula Matari, kisha miaka yake, kisha neno Afrika. Jina la John Rowlands halimo.