Nyumba Hupoa Kabla ya Msingi Kuchimbwa



Katika kata za pwani, joto la nyumba hulipiwa kila siku. Familia hujinyima miaka mingi ikikusanya tofali kwa tofali, hatimaye huhamia, na usiku wa Januari baba na watoto hutoka na mikeka kulala barazani, kwa kuwa chumba hakilaliki. Hununuliwa feni, kisha kiyoyozi, na uniti za umeme huisha kabla ya mwezi. Aghalabu kosa hilo si la fundi bati wala la fundi umeme. Lilitendeka siku kamba ya msingi ilipovutwa.

Adhuhuri jua huwa juu ya paa. Asubuhi na alasiri huwa chini, likaupiga moja kwa moja ukuta wa mashariki na wa magharibi, wala paa haliwezi kuukinga. Ukuta wa kaskazini na wa kusini hupata kivuli kwa urahisi, mradi paa litokeze vya kutosha nje ya ukuta. Kwa hiyo ubavu mrefu wa nyumba na uelekee kaskazini na kusini, na upande mfupi ukabili macheo na machweo. Madirisha yakipangwa kwa kutazamana, hupokea kaskazi katika miezi ya joto na kusi katikati ya mwaka. Uamuzi huo hauongezi hata mfuko mmoja wa saruji.

Na ikiwa kiwanja ni chembamba na nyumba hailazimiki ila kutazama magharibi? Jiko, bafu na stoo viwekwe upande huo, na mti wa kivuli upandwe mbele yake, ili vyumba vya kulala visalimike na jua la alasiri.

Bati nalo hushika moto na kuushusha ndani. Bati la rangi nyeupe hushika joto kidogo zaidi, na dari iliyoachiwa matundu ya hewa juu yake hulizuia lililobaki.

Mwaka 1991, huko Darmstadt, Ujerumani, familia zilihamia nyumba zilizojengwa kwa kuta nene na madirisha ya vioo vya tabaka tatu, zitumie nishati kidogo mno wakati wa baridi. Huko adui ni baridi. Pwani adui ni jua, na anayejenga ukuta wa vioo kuelekea magharibi hujijengea tanuri.

Taa pia zina hesabu yake. Taa sita za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 54 kwa siku 30. Taa za LED za wati 9, zenye mwanga unaokaribiana na huo, hula uniti 8 tu.

Basi mwenye kujenga na aende kiwanjani asubuhi na alasiri, aone jua linakopiga na upepo unakotoka, ndipo ramani ichorwe na kupelekwa halmashauri kuombewa kibali. Mstari wa ramani hufutika, msingi haugeuzwi.