Alexandra, 1986: Kamati za Nyua na Sheria ya Kizuizini

Wasikilizaji wa kipindi cha historia, mada ya leo ni kizuizini, yaani hali ya mtu kukamatwa na kufungiwa kwa amri ya polisi au ya waziri bila kusomewa mashtaka wala kufikishwa mbele ya hakimu. Mahali panapotazamwa ni Alexandra, kitongoji cha kaskazini mwa Johannesburg ambacho wenyeji wake hukiita Alex. Kilianzishwa mwaka 1912, mwaka mmoja kabla ya Sheria ya Ardhi ya 1913 kuwazuia Waafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa ya Afrika Kusini, na ndiyo maana hapo familia za Kiafrika ziliwahi kumiliki viwanja kwa hati zao wenyewe. Utawala wa ubaguzi wa rangi uliwanyang'anya haki hiyo, ukawaacha wamebanana katika nyua ambamo familia nyingi zilitegemea bomba moja la maji na vyoo vya ndoo, ilhali ng'ambo ya barabara kuu palikuwa na Sandton, eneo la matajiri.

Sheria ya 1982 kuhusu serikali za mitaa za watu weusi iliwapa madiwani wa vitongoji mamlaka ya kugawa nyumba, viwanja na leseni za biashara, lakini haikuwapa fedha, kwa hiyo mabaraza yao yaliendeshwa zaidi kwa kodi za nyumba na ada zilizotozwa watu maskini. Mamlaka ya kugawa kitu adimu yakikaa mikononi mwa watu wachache wasioheshimiwa na wapiga kura, malalamiko ya rushwa na upendeleo hayachelewi kufika, na yalisikika katika vitongoji vya nchi nzima. Huko Alex hasira ililipuka Februari 1986 katika mapambano na polisi yaliyopewa jina la Vita vya Siku Sita, ambayo yaliacha wakazi wengi wameuawa kwa risasi.

Mwezi huohuo wakazi waliunda Kamati ya Utendaji ya Alexandra chini ya Moses Mayekiso, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa viwanda vya chuma. Muundo wake ulianzia chini kabisa: kila ua ulikuwa na kamati yake, kamati za nyua zikaunda za mitaa midogo, na hizo zikaunda za barabara, hivi kwamba shida ya choo kilichofurika au ya mpangaji aliyetishiwa kufukuzwa ilipanda kutoka uani hadi kwenye Kamati yenyewe. Kufikia Aprili 1986 baraza la madiwani lilikuwa limevunjika kwa kujiuzulu. Haki inadai pia isemwe kwamba baadhi ya mahakama za wananchi zilizoendeshwa na vijana wakati huo ziliwachapa watuhumiwa viboko, jambo lililowaumiza watu ambao harakati hizo zilikusudia kuwalinda.

Tarehe 12 Juni 1986 serikali ya P. W. Botha ilitangaza hali ya hatari nchi nzima, maana yake utawala unaosimamisha haki za kawaida kwa madai ya usalama. Kwa kanuni zake askari yeyote, awe wa polisi au wa jeshi, aliweza kumkamata mtu na kumshikilia kwa siku 14, na waziri angeweza kuongeza muda huo bila kikomo. Askari aliyetenda kwa nia njema alikingwa asishtakiwe. Sambamba na hilo kulikuwa na kifungu cha 29 cha Sheria ya Usalama wa Ndani ya 1982, kilichoruhusu mtu afungiwe peke yake kwa ajili ya kuhojiwa, bila wakili, bila jamaa, na bila mahakama yoyote kuwa na uwezo wa kuamuru aachiwe. Mayekiso alikamatwa mwishoni mwa Juni aliporejea kutoka safari ya Ulaya, akakaa kizuizini miezi mingi kabla ya kushtakiwa kwa uhaini pamoja na wenzake wanne, akiwamo mdogo wake Mzwanele.

Mateso yalikuwa sehemu ya mfumo huo. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Cape Town uliotolewa 1985 uliwahoji waliowahi kuwekwa kizuizini, na asilimia 83 walieleza kuteswa mwilini. Neil Aggett, daktari aliyekuwa kiongozi wa chama cha wafanyakazi, alikufa tarehe 5 Februari 1982 katika kituo cha John Vorster Square mjini Johannesburg baada ya siku 70 kizuizini. Mwaka huohuo hakimu aliamua kwamba alijiua, na familia yake ikangoja hadi 2022 ndipo Mahakama Kuu ikatamka kwamba aliuawa na polisi wa usalama. Julai 1997, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyochunguza maovu ya enzi hiyo, polisi Jeffrey Benzien alitakiwa na mmoja wa aliowatesa, Tony Yengeni, aonyeshe alivyofanya kazi. Mtu mmoja alilazwa kifudifudi sakafuni, Benzien akamkalia mgongoni, akamvika kichwani mfuko wa kitambaa na kuukaza shingoni. Zamani mfuko huo ulilowekwa maji ili pumzi isipite.

Kesi ya Alex ilipofika mahakamani ndipo ushahidi ulipoanza kupimwa. Viongozi wale watano walieleza kamati za nyua zilivyofanya kazi, na tarehe 24 Aprili 1989 wote wakaachiwa huru. Walichoitwa wasaliti kwa ajili yake kilionekana, kilipowekwa mwangani, kuwa juhudi za watu waliotaka maji, vyoo na viongozi waadilifu.

Msikilizaji wa Afrika Mashariki asidhani kuwa hatari hii ni ya utawala wa makaburu peke yake. Mwaka 1983 nchini Tanzania, katika msako wa walanguzi na wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, mamia ya watu walikamatwa kwanza, kisha sheria ikatungwa na kurudishwa nyuma iwaguse, pamoja na baraza maalumu ambamo mshtakiwa hakuruhusiwa wakili wala dhamana. Wananchi waliochoshwa na maduka matupu waliushangilia msako huo, na uchungu wao unaeleweka, ila sheria yenyewe ilikuwa mbaya, na Bunge liliibadilisha mwaka uliofuata.

Tukirudi Afrika Kusini, Yengeni mwenyewe, akiwa mbunge wa chama tawala, alihukumiwa 2003 kwa udanganyifu kuhusu punguzo la bei ya gari alilopewa wakati serikali ikinunua silaha. Alikuwa na wakili, alikata rufaa, akaingia gerezani 2006, na hakuna aliyemvika mfuko. Nao wakazi wa Alex walipouliza 2019 zilikokwenda fedha za mradi wa kukikarabati kitongoji chao, uliotangazwa 2001 kwa randi bilioni 1.3, walisikilizwa katika uchunguzi wa wazi. Majibu waliyoyapata hayajawatosha, na wana haki ya kuendelea kuuliza.

Katiba ya 1996 ya Afrika Kusini inakataza mateso, na inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Kwa hiyo msikilizaji anayepata habari kwamba kigogo amekamatwa kwa rushwa, katika nchi yoyote, na aulize kwanza anashikiliwa wapi, nani amemwona, na ni siku gani atasimama mbele ya hakimu.