Sauti Inayoshika Wimbo



Leo napenda tumkumbuke mtunzi mmoja wa nyimbo za Kanisa aliyeishi Paris, nchini Ufaransa, yapata miaka 800 iliyopita. Aliitwa Perotinus. Hatujui alizaliwa lini, wala kaburi lake liko wapi. Maana ya jina lake ni Petro mdogo. Lakini mwandishi mmoja wa karne ya 13, ambaye naye hakuacha jina, alimwita Mkuu. Bila kurasa za mwandishi huyo, mengi tunayoyajua juu yake yangepotea.

Siku zile Kanisa Kuu la Notre-Dame, lililoanza kujengwa mwaka 1163, lilikuwa bado mikononi mwa waashi. Mwalimu Leoninus alikuwa ametunga kitabu kikubwa cha nyimbo za sauti mbili. Perotinus akakipokea, akakifupisha na kukirekebisha, kisha akatunga nyimbo za sauti tatu na hata nne. Mwaka 1198 Askofu Odo wa Sully, alipokuwa akizuia ghasia za sikukuu ya mwanzo wa mwaka, aliruhusu uimbaji wa sauti tatu au nne. Nyimbo mbili za Perotinus za sauti nne zaimbwa hata leo: Viderunt omnes ya Noeli, na Sederunt principes ya Mtakatifu Stefano Shahidi.

Angalieni jinsi zilivyojengwa. Sauti tatu za juu hukimbia, hupishana na kupokezana. Chini yao sauti moja huimba wimbo wa kale wa Kanisa, lakini polepole mno: silabi moja huvutwa hata msikilizaji akasahau ni ya neno gani. Waimbaji wake hawana budi kupumua kwa zamu, ili sauti isikatike. Sauti hiyo iliitwa tenor, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kushika. Ni nadra kusifiwa. Lakini ikinyamaza, zile za juu hazina pa kusimama.

Ndugu zangu, sauti hiyo imo katika kila parokia. Nilipokuwa paroko, katekista mmoja mzee alinijia kuaga. Hakudai posho. Alisema tu, "Padre, miaka 23 nimefundisha watoto kigangoni, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka." Nami nilikuwa mmoja wa hao wasiouliza. Sikuwa na jibu.

Ni kweli, Mungu humwona atendaye kwa siri. Lakini tusilifanye neno hilo kuwa kisingizio cha sisi kutomwona. Juma hili mtafuteni anayewashikia wimbo, mkamshukuru kwa jina lake, kisha mkampokee kazi japo kwa siku moja, apate kupumua.

Nawe unayeshika, usione haya kupumzika. Wimbo hautakatika, maana haukuwa wako peke yako tangu mwanzo. Ni wa Kanisa, na mwenye Kanisa ni Kristo.

Amina.