KUSAFISHA ARDHI ILIYOINGIWA NA MAFUTA YA TANGI LILILOVUJA
Mazungumzo kwa watumishi wa Serikali na wananchi

Tangi la mafuta lililofukiwa chini ya ardhi halionekani, na uvujaji wake pia hauonekani. Chuma hushikwa na kutu, viungo vya mabomba hulegea, na mafuta huweza kutoka tone kwa tone kwa miezi mingi bila ya mtu aliye juu kuhisi lolote. Mazungumzo haya yanakusudia kueleza namna ardhi ya aina hiyo inavyosafishwa, na kwa nini kazi hiyo huanzia katika daftari la vipimo kabla ya kufika kwenye sepetu na mashine.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika visiwa. Wakaazi wa Zanzibar hutegemea zaidi maji yaliyomo chini ya ardhi: visima vya vijijini, visima vya Mamlaka ya Maji, na chemchemi za Bububu ambazo maji yake yalivutwa hadi Mjini tangu enzi za Sayyid Barghash. Sehemu kubwa ya Unguja ni jiwe la matumbawe lenye nyufa na mapango. Kinachomwagika juu ya jiwe hilo huweza kuyafikia maji upesi, bila ya kuchujwa vya kutosha.

Petroli ina benzini, kemikali inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita. Kwa hesabu hiyo, lita 1 ya petroli yenye benzini ya asilimia 1 ina benzini ya kutosha kufikisha kwenye kikomo hicho zaidi ya lita 800,000 za maji.

Mfano wa kuzingatiwa unatoka katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Huko Red Hill, Jeshi la Majini la Marekani lilikuwa na matangi 20 ya chini ya ardhi, yaliyojengwa baina ya 1940 na 1943, kiasi cha mita 30 tu juu ya maji ya kunywa. Mwezi wa Mei 2021 bomba lilipasuka wakati mafuta yakihamishwa. Vipimo vya tangi vilionesha upungufu wa takriban galoni 20,000, lakini taarifa iliyotolewa ilitaja galoni 1,600 hivi. Mafuta yaliyosalia yalikuwa yameingia katika bomba la mfumo wa kuzimia moto. Tarehe 20 Novemba 2021 bomba hilo liligongwa, mafuta yakamwagika na kuingia katika kisima. Mtandao huo wa maji ulihudumia watu wapatao 93,000, na maelfu ya familia zililazimika kuhama nyumba zao. Mwezi wa Machi 2022 iliamriwa kituo kifungwe. Upungufu huo ulikuwa umeandikwa kwa miezi sita, na haukufuatiliwa mpaka mwisho.

Ndugu Wananchi,

Usafishaji wa ardhi hufuata utaratibu. Kwanza, tangi husitishwa na kutolewa mafuta, na moto wa aina yoyote hupigwa marufuku, kwani mvuke wa petroli hutambaa chini na kujikusanya katika mashimo na mitaro. Pili, huchimbwa matundu na kuchukuliwa sampuli za udongo na maji, ili ijulikane mafuta yamefika wapi. Tatu, mafuta yanayoelea juu ya maji ya ardhini huvutwa kwa pampu. Hapa majira yana athari: wakati wa masika maji hupanda pamoja na mafuta, na kiangazi hushuka yakiacha udongo umepakwa mafuta juu na chini. Kwa hiyo kipimo cha msimu mmoja hakitoshi.

Nne, udongo wenyewe. Penye petroli, mvuke huvutwa kutoka ardhini kwa mabomba na kuchujwa. Penye dizeli, ambayo ni nzito na haifuki upesi, bakteria wa udongoni hufanya sehemu kubwa ya kazi. Udongo hutandazwa kwa tabaka jembamba juu ya plastiki nene isiyopitisha maji, hufunikwa wakati wa mvua, hugeuzwa mara kwa mara upate hewa, hutiwa maji kiasi na mbolea yenye naitrojeni na fosforasi. Kazi hiyo huchukua miezi mingi, na pengine zaidi ya mwaka. Kuubeba udongo huo na kuutupa shamba au pwani ni kuihamisha sumu, na kuumwagia zege juu yake ni kuificha. Tano, maji ya visima vya jirani huendelea kupimwa baada ya kazi kumalizika.

Kazi yote hiyo ni ya gharama kubwa, wakati fimbo ya kupimia tangi ni ya gharama ndogo. Kila asubuhi msimamizi wa kituo, au wa ghala la mafuta ya jenereta katika ofisi, hospitali au hoteli, apime tangi na kulinganisha: mafuta yaliyokuwemo, kuongeza yaliyopokewa, kutoa yaliyouzwa au kutumika. Tofauti ndogo inayopanda na kushuka ni ya kawaida. Upungufu unaojirudia siku hadi siku, au maji yanayoongezeka chini ya tangi, ni ishara ya uvujaji. Msimamizi asisawazishe hesabu ili daftari lipendeze. Asimamishe matumizi ya tangi hilo na kutoa taarifa.

Mwananchi anayesikia harufu ya mafuta katika maji ya kisima asiyanywe wala asiyapikie; kuchemsha si dawa ya mafuta. Ampe taarifa Sheha wa Shehia yake na Mamlaka ya Maji mara moja, na awaonye majirani wanaochota hapo.

Mafuta yanayokosekana katika daftari yapo mahali. Kuyatafuta siku ya kwanza ni wajibu wa aliyeshika kalamu, kabla hayajakuwa mzigo wa wanaochota maji.