Jaa Inapozama

Vijana wa Mtambile, kama wa kwingineko, leo waweza kujifunza kufuata nyota katika mchezo wa video. Tusiubeze, elimu ni elimu. Lakini mchezoni chombo kikizama, mchezaji huanza upya. Baharini hakuna kuanza upya.

Manahodha waliokuja na kaskazi kutoka Omani walipima kwa vidole kimo cha Jaa, nyota ya kaskazini, juu ya upeo wa bahari. Ahmad ibn Majid, nahodha wa Kiarabu wa karne ya 15, aliiandika elimu hiyo. Kila walipokwenda kusini, Jaa ilishuka; na hapa Pemba, takriban nyuzi 5 kusini ya Ikweta, haionekani tena. Je, walipotea? La. Walikuwa wamekwisha kuzijua nyota za kusini.

Wazazi na makatekista, sisi nasi ni Jaa kwa watoto wetu. Watasafiri, nasi tutazama machoni pao. Aliyefunzwa nyota moja tu hupotea siku izamapo. Basi tuwafundishe dhamiri, sala na kazi njema mapema, wangali karibu nasi, na mbingu zikiwa wazi.